Dakika 18 za Isaac Hayes

Mwaka juzi, tarehe 20 mwezi wa 6, Siku ya Wakimbizi, nilimkata kijana mmoja wimbo wake katikati. Jina lake sitaliandika. Alikuwa na miaka 16, mtu wa Fizi kama mimi, na kila Jumapili alipiga kinanda kwenye kwaya ya kanisa lao. Mimi nafanya kazi na vijana hapa Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, na siku ile kazi yangu ilikuwa moja: kushika simu na kuhesabu dakika. Wageni wa mradi walikuwa wamekaa chini ya turubai, kwenye viti vya plastiki, na kila kundi lilikuwa na dakika 3. Dakika 3 za ngonjera ya kunawa mikono. Dakika 3 za igizo la ndoa za utotoni. Dakika 3 za ngoma. Kisha yeye.

Hakuanza kuimba. Alibonyeza kile kitufe cha sauti ya violini ambacho kila mpiga kinanda wa kwaya anakijua, akashika noti tatu za chini, akaziacha zinaunguruma, halafu akaanza kusema. Alisema habari ya usiku mmoja. Nani aliwagongea mlango, nani alibeba nini, mama yake alisahau kitu gani akataka kukirudia, wakapita wapi mpaka Baraka. Anasema pole pole, vidole haviondoki. Dakika ya 3 ilipofika nilimnyooshea mkono. Akaendelea. Dakika 3 na nusu nikaenda nyuma ya jukwaa nikachomoa waya kwenye betri ya sola. Watu wakapiga makofi, walifikiri wimbo umeisha.

Alinifuata baadaye nikiwa nakunja turubai. "Yaya," akaniambia, "umenikata mbele nifike ku ziwa."

Nilimjibu kitu cha kijinga, kwamba wimbo ni wimbo na hotuba ni hotuba. Ndiyo sababu naandika hii makala. Nilikosa adabu, hilo nalijua, lakini nilikosea pia kwa upande wa historia, na kosa la namna hiyo mtu anaweza kulirekebisha kwa kusoma.

Miezi kadhaa ikapita. Fundi simu mmoja wa sokoni akaniwekea nyimbo za zamani kwenye memori kadi, lundo zima bila kuchagua: rumba, Bob Marley, nyimbo za Krismasi, na humo ndani wimbo mmoja wa dakika 18 na sekunde 40 na kitu. Nikadhani faili limeharibika. Nikaliwasha usiku, nimelala, spika ya simu iko kifuani. Ogani imeshika sauti moja haitoki. Besi inapiga noti zile zile. Dramu inagonga kama mtu anayetembea bila haraka. Na mwanaume mwenye sauti nzito sana anaongea. Anaongea, anaongea. Nikaangalia simu: dakika ya 5, bado anaongea. Nikakaa kitako. Huyu alikuwa anafanya kitu kile kile alichofanya kijana wangu wa Fizi, na alikifanya mwaka 1969.

Jina la wimbo ni "By the Time I Get to Phoenix", na mwenye sauti ni Isaac Hayes.

Sasa turudi nyuma kidogo. Muziki wa soul ni mtoto wa kanisa la Weusi wa Marekani aliyetoka nje akaenda kuimba mapenzi. Vifaa vyake vya mwanzo ni vya kanisani: ogani, piano, dramu, makofi, na sauti inayolia. Violini hazikuwemo. Violini zilikuwa za Wazungu, za sinema na za kumbi ambazo Mweusi katika miji mingi ya kusini hakuruhusiwa kukaa viti vya mbele. Mwaka 1959 kundi la The Drifters walitoa "There Goes My Baby", na watayarishaji wao, Leiber na Stoller, wakatia humo violini na zile ngoma kubwa za shaba za orkestra. Kwenye kampuni yao wenyewe kuna wakubwa waliouchukia, wakaona kama redio imekamata stesheni mbili kwa mpigo. Watu wa kawaida wakaununua sana. Baada ya hapo mlango ulikuwa wazi.

Hapa niseme neno kwa wasomaji wa kwetu. Sisi Wakongomani tukisikia orkestra tunaona bendi: magitaa, dramu, waimbaji wamepanga mstari. Ile O ya T.P.O.K. Jazz, bendi ya Franco, ni O ya orkestra. Lakini ile ninayoisema sasa ni ile nyingine, ya watu wengi wamekaa kwenye viti na karatasi za noti mbele yao, violini, zeze kubwa za kusimama, tarumbeta, pembe. Kwenye kinanda cha kwaya watu wote hao wamefungwa ndani ya kitufe kimoja. Watoto wetu wanakibonyeza kila Jumapili wakati mchungaji anaomba, na wanajua vizuri sana kinafanya nini kwenye roho ya mtu. Hawajui tu kimetoka wapi. Na mimi nilikuwa sijui.

Wa pili wa kutajwa ni Sam Cooke. Mwezi wa 10 mwaka 1963 alifika na watu wake kwenye hoteli moja mjini Shreveport, Louisiana, wakakataliwa kwa sababu ya rangi, na mwisho wake polisi wakamkamata. Mwezi wa 1 mwaka 1964 akarekodi "A Change Is Gonna Come". Mpangaji wa ala alikuwa René Hall, na alimpa Cooke orkestra nzima, kama vile kijana aliyefukuzwa hotelini amekuwa mfalme kwenye filamu. Ule wimbo una dakika 3 na ushee tu. Hata hivyo, ulipotolewa kwenye sahani ndogo ya redio mwezi wa 12, siku chache baada ya Cooke kuuawa kwa risasi, ubeti mmoja ulitolewa. Ni ule unaotaja mtu anayekwenda mjini na sinema na kuambiwa asizurure huko. Nilipojua hilo nilicheka peke yangu, si kwa furaha. Hata wakati ule kulikuwa na mtu nyuma ya jukwaa na mkono kwenye waya.

Isaac Hayes alizaliwa mwaka 1942 Covington, Tennessee. Mama yake alifariki yeye akiwa mtoto mdogo kabisa, baba akaondoka, akalelewa na babu na bibi wazaa mama. Walikuwa wakulima wa shamba la mtu. Yeye mwenyewe alichuma pamba. Wakahamia Memphis, mambo hayakuwa rahisi zaidi, na alipofika sekondari aliacha shule kwa sababu aliona aibu ya nguo zake. Walimu wakamfuata wakamrudisha. Alimaliza sekondari mwaka 1962, na alikuwa karibu na miaka 20. Nasema hilo makusudi, maana nina vijana hapa wenye miaka 20 ambao hawataki kukaa darasani na watoto. Piano alijifundisha. Mchana alifanya kazi kiwanda cha nyama.

Memphis kulikuwa na studio inaitwa Stax. Waliianzisha Jim Stewart na dada yake Estelle Axton, Wazungu wawili, ndani ya jengo la sinema ya zamani mtaa wa McLemore. Pale kwenye kibanda cha kuuzia bisi, dada mtu aliweka duka la santuri. Mji mzima ulikuwa umegawanywa kwa rangi, ila ndani ya ile sinema Weusi na Weupe walipiga muziki pamoja kila siku. Hayes aliingia mwaka 1964 kama mpiga ogani wa kuziba pengo, mwenye nafasi yake, Booker T. Jones, akiwa masomoni chuo kikuu. Hakutoka tena. Yeye na David Porter wakawa watunzi wa nyimbo za watu wengine. "Hold On, I'm Comin'" na "Soul Man" za Sam na Dave ni zao. Nyimbo fupi, kali, tarumbeta mbele, dakika 2 na nusu, kwisha. Alizijua sana dakika fupi huyu bwana. Hakushindwa kufupisha.

Halafu misiba. Tarehe 10 mwezi wa 12 mwaka 1967 ndege ya Otis Redding, nyota mkubwa wa Stax, ilianguka kwenye ziwa la barafu karibu na Madison, Wisconsin. Ndani yake walikuwemo vijana wa bendi ya The Bar-Kays, wengi wao wametoka shule juzi tu. Waliobaki katika ile bendi ni wawili: Ben Cauley, mpiga tarumbeta, alitolewa majini hai, na James Alexander, mpiga besi, hakuwa kwenye ndege ile. Hao wawili wakaijenga bendi upya. Weka jina hilo kichwani, Bar-Kays, litarudi.

Mwezi wa 2 mwaka 1968 wafanyakazi wawili wa kuzoa taka Memphis walisagwa na gari la taka. Wenzao wakagoma. Martin Luther King akaja kuwasimamia, na tarehe 4 mwezi wa 4 akauawa kwenye roshani ya Lorraine Motel. Ile hoteli watu wa Stax waliijua kama nyumba yao, maana ilikuwa moja ya mahali pachache Memphis ambapo Mweusi na Mzungu wangeweza kukaa chumba kimoja wakatunga wimbo. Hayes alisema mwenyewe miaka ya baadaye kwamba alikaa kama mwaka mzima hawezi kutunga kitu cha maana. Hasira ilikuwa imeziba.

Na katika mwaka ule ule, karatasi. Hili nataka kila kijana anayeimba alisome mara mbili. Stax walikuwa wanatengeneza muziki, kampuni kubwa ya Atlantic ya New York inausambaza. Urafiki, kupeana mikono. Baadaye ukaandikwa mkataba, Jim Stewart akauweka sahihi bila kuusoma wote vizuri. Atlantic ilipouzwa kwa kampuni nyingine, ndipo ilipogundulika kwamba kifungu kimoja humo kiliipa Atlantic umiliki wa rekodi zote za Stax ilizozisambaza. Miaka ya kazi. Otis yote. Sam na Dave wakarudishwa Atlantic, kwani kumbe walikuwa wa kuazimwa. Stax ikabaki na jengo, jina, na watu wasio na wimbo hata mmoja wa jana wa kuuza.

Kwetu tunajua maana ya kufika mahali na mikono mitupu. Kwa hiyo sitaeleza.

Mkuu wao Al Bell, Mweusi, aliyekuwa mtangazaji wa redio zamani, akaamua kitu cha kichaa: kutengeneza albamu 27 zote kwa mpigo, ili Stax iwe na ghala jipya. Kila mtu jengoni aingie studio. Hata Hayes, ambaye albamu yake ya kwanza haikununuliwa na watu wengi. Hayes akakubali, ila kwa sharti: safari hii aachwe afanye anavyotaka. Na kwa kuwa kulikuwa na albamu nyingine 26 za kutegemea, hakuna aliyemkataza. Napenda hapo. Uhuru wake ulitoka kwenye kutokutegemewa. Hakuna mgeni aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki anamsubiri yeye.

Albamu ikaitwa "Hot Buttered Soul", 1969. Ina nyimbo 4 tu. Kwenye jalada hakuna uso, kuna upara wake umepigwa picha kutoka juu, na mnyororo wa dhahabu shingoni. Waliompigia ni The Bar-Kays, ile bendi iliyotoka kwenye ziwa la barafu. James Alexander ndiye anayepiga ile besi.

Namna ilivyotengenezwa inanishangaza mpaka leo. Hayes na vijana walirekodi Memphis, ala chache tu, ogani, besi, gitaa, dramu. Kisha mikanda ikapelekwa Detroit, mji mwingine kabisa, ambako mpangaji wa ala anaitwa Johnny Allen aliandika noti za violini na tarumbeta, na wapigaji wa huko wakapiga juu ya kile kilichokwisha kurekodiwa. Yaani zile violini zinazoonekana kumlilia Hayes zimekuja baadaye, zimesikiliza kwanza. Nadhani ndiyo maana haziruki. Sikiliza "Walk On By", ule wimbo wa kwanza wa dakika 12. Ni wimbo wa Burt Bacharach na Hal David ambao Dionne Warwick aliuimba mwaka 1964 kwa dakika 3 zisizotimia, kwa upole, mwanamke anayejificha machozi njiani. Kwa Hayes, kabla hajafungua mdomo, violini zinapanda kama ukuta, kisha gitaa linaingia limechafuliwa sauti, linakwaruza, wanawake wanaitikia nyuma, na unajua tayari kwamba mtu huyu hatajificha chochote. Vijana wa sasa wamekwisha kuusikia bila kujua: Beyoncé aliutumia ndani ya "6 Inch" mwaka 2016.

Wimbo wa pili una jina refu la utani ambalo hata yeye nadhani alilitunga ili watangazaji wa redio wateseke. Wa tatu, "One Woman", ni mfupi na mzuri na mimi huwa naupita. Maana wa nne ndio "Phoenix".

"Phoenix" umetungwa na Jimmy Webb. Glen Campbell, Mzungu wa muziki wa kantri, aliuimba mwaka 1967 kwa dakika 2 na ushee. Habari yake ni ndogo: mwanaume amemwacha mwanamke, anaendesha gari, na kila mji anaofika anafikiri mwanamke atakuwa anafanya nini saa hiyo. Akifika Phoenix, yule anaamka. Akifika Albuquerque, yule yuko kazini. Akifika Oklahoma, yule amelala. Wimbo mzima ni hesabu ya miji na saa. Mara ya kwanza rafiki yangu aliponitafsiria vizuri, nilinyamaza. Kila nyumba hapa ina wimbo huo. Tulipofika Baraka nyanya alikuwa angali nyumbani. Tulipofika Kigoma, nani alikuwa analisha mbuzi wetu?

Hayes aliupenda alipousikia redioni. Akaenda kuupiga kwenye klabu moja Memphis, watu wanakunywa, wanapiga kelele, hakuna anayemsikiliza. Basi akaiambia bendi ishike sauti moja tu, isiende popote, na yeye akaanza kuongea. Akawatungia mwanzo wa habari: kijana huyu ni nani, alitoka wapi, alimpenda vipi huyu mwanamke, alimkuta na nini, aliondoka mara ngapi na mara ngapi akarudi. Watu wakaanza kunyamaza meza moja moja. Alipofika kwenye ubeti wa kwanza wa Jimmy Webb, kuna watu walikuwa wanalia. Kwenye albamu yale maongezi yana zaidi ya dakika 8 kabla hajaimba neno la kwanza. Alipoanza kuimba, unajua kila kitu. Sasa hata neno la kawaida kama jina la mji linakuumiza. Na violini zinasubiri muda wote huo. Zikija, zinakuja pole pole, halafu tarumbeta, mpaka mwisho kule ni kama kanisa lote limesimama.

Nimewasikilizisha vijana wangu mara tatu. Si wote wanaopenda. Msichana mmoja aliniambia, "Yaya, huyu mutu anasumbua, aende tu." Mwingine akasema ni sukari nyingi kwenye chai. Nawaelewa. Ukubwa wa aina hii ukiukosea kidogo unakuwa kichekesho, na miaka ya 70 ilijaa waigaji waliochukua violini wakasahau habari. Hayes naye mara nyingine alizidisha, kuna albamu zake za baadaye ambazo zinanichosha. Lakini hapa kila dakika ina kazi. Ukiikata katikati, yule mwanaume anabaki barabarani hajafika popote.

Walichofanya redio ni kuikata, bila shaka. Ilitolewa sahani ndogo yenye "Walk On By" na "Phoenix" zilizofupishwa. Ila watu walitaka nzima. Albamu iliuza zaidi ya milioni, ikaingia kwenye orodha za aina nne kwa pamoja, pamoja na ya jazi, wakati haikuwa jazi. Na kampuni za Marekani zikajifunza kwamba Weusi wananunua albamu nzima na si sahani ndogo pekee. Marvin Gaye na "What's Going On" ya mwaka 1971, Stevie Wonder, studio za Philadelphia na violini zao, wote walipita barabara iliyokwisha kupanuliwa.

Sisi tusijifanye wageni wa jambo hili. Mwezi wa 9 mwaka 1974 Kinshasa ilifanya tamasha la siku 3 kabla ya pigano la Ali na Foreman. Walikuja James Brown, B.B. King, Bill Withers, The Spinners, wakapanda jukwaa moja na Franco na Tabu Ley. Hayes hakuwemo. Papa mmoja jirani yangu anakumbuka redio ilivyokuwa inalia siku hizo; alikuwa mtoto, anasema kila fundi cherehani alitaka suruali ya James Brown. Na mwaka 1985 Franco alitoa "Mario", ana zaidi ya dakika 14 za kumsema kijana mvivu anayelishwa na mwanamke mkubwa. Anasema kwa maneno, kisha Madilu anaimba, kisha anasema tena. Nani aliwahi kumwambia Franco kwamba wimbo ni wimbo na hotuba ni hotuba? Nilikuwa na jibu nyumbani kwetu, kwenye redio ya baba, na sikuliona.

Mwisho wa Hayes nitausema upesi. Mwaka 1972 alipata tuzo ya Oscar kwa wimbo wa filamu "Shaft", Mweusi wa kwanza kuipata tuzo ya wimbo bora, na ukumbini alimpeleka bibi yake aliyemlea. Mwaka ule ule, tarehe 20 mwezi wa 8, siku aliyotimiza miaka 30, alifunga tamasha la Wattstax uwanjani Los Angeles mbele ya watu zaidi ya 100,000, tiketi dola moja tu, na juu ya kifua kitupu amevaa fulana ya minyororo ya dhahabu. Mjukuu wa wachuma pamba kavaa minyororo, ila ya dhahabu na kwa hiari yake. Mwishoni mwa 1975 Stax ikafilisiwa. Mwaka 1976 yeye naye akafilisika, akapoteza nyumba na haki ya mapato ya nyimbo alizokwisha kuandika. Karatasi tena. Sinema ya McLemore ilibomolewa mwaka 1989, na pale pale ikajengwa upya kuwa jumba la makumbusho mwaka 2003, na jirani yake kuna shule ya muziki ya vijana wa mtaa. Hayes alifariki mwaka 2008.

Kijana wangu hakuwa hapa tena nilipoyajua yote haya. Familia yao ilihamia Nakivale, Uganda. Namba yake niliipata kwa mpiga dramu wa kwaya. Nilimtumia "Phoenix" nzima, ikachukua bando langu la wiki, na chini nikaandika kwamba siku ile nilikosea, na kama bado anakumbuka ule wimbo, hapa hakuna anayehesabu.

Wiki tatu kimya. Nilifikiri amenifungia. Halafu Jumapili moja usiku ikaja sauti kwenye simu. Kinanda, kile kitufe, noti tatu za chini. Anaanza tena tangu mlango unagongwa, lakini sasa kuna vitu ambavyo siku ile havikuwepo: jina la mbwa, mvua, sufuria ambayo mama yake aliisahau. Dakika ya 11 wako Baraka ufukoni, baba yake anajadiliana bei na mwenye boti, na hapo sauti inakatika. Chini yake kaandika:

"Yaya, bando imeisha. Ingine inakuja."